Asiyekuwepo na lake halipo: Nani anapanga kazi za mwakani za programu huria?

MSIMU wa mpunga unapofika, Kagongwa katika Manispaa ya Kahama haina usingizi. Mashine za kukoboa hunguruma tangu alfajiri, magari ya mizigo husubiri kupakia mchele wa kwenda Mwanza na Dar es Salaam, na mwingine wa kuvuka mpaka kuelekea Rwanda na Burundi. Kila penye mizani yupo mtu mwenye daftari, na siku hizi, pembeni ya mwenye daftari, mara nyingi yupo kijana mwenye simu ya kupapasa.

Kijana huyo anaweza kuwa karani wa chama cha msingi, wakala wa mnunuzi, ofisa ugani au mtu wa utafiti. Kazi yao inafanana. Anauliza jina, kijiji, ukubwa wa majaruba, mbegu iliyopandwa na magunia yaliyovunwa, kisha anabonyeza na kuendelea kwa mkulima mwingine. Wakulima wengi hawashangai tena. Tangu msimu wa 2022/23, ruzuku ya mbolea ilipoanza kutolewa kwa walioandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali wa Serikali, kuandikwa jina kwenye simu kumekuwa jambo la kawaida kama kupimiwa debe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya fomu za utafiti na za miradi zinazojazwa kwenye simu hutegemea programu ambazo hakuna anayezinunua. Ni programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumpa mwenzake. Mkulima atalielewa hili haraka akifikiria mbegu. Ipo mbegu ya dukani ambayo kila msimu lazima urudi kununua pakiti mpya, na ipo mbegu ambayo ukishavuna unaweka ya akiba, unapanda tena na kumgawia jirani bila kumwomba mtu ruhusa. Programu huria ni ya aina hii ya pili.

Lakini hata mbegu ya kugawiana kuna aliyekaa shambani miaka mingi kuichagua. Swali la nani anaamua ichaguliwe kwa sifa gani, kama ni ya kustahimili ukame, ya kukomaa mapema au ya punje ndefu inayopendwa sokoni, ndilo swali linalofaa kuulizwa pia kuhusu programu hizi. Kila mwaka watengenezaji wake hukaa na kupanga nini kitaongezwa, nini kitarekebishwa na nini kitasubiri. Mpango huo ndio utakaoamua kama simu ya karani wa Ushetu itamsaidia mkulima msimu ujao au itamsumbua.

Chukua mfano wa programu iitwayo ODK, ambayo ni miongoni mwa zinazotumika sana kukusanya taarifa vijijini. Ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na marehemu Profesa Gaetano Borriello pamoja na wanafunzi wake, akiwamo Yaw Anokwa. Ingawa ilizaliwa mbali, ilikulia huku kwetu. Miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo walikuwa wahudumu wa mradi wa afya wa AMPATH mjini Eldoret, Kenya, waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba. Hapa Tanzania, kazi ya kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, iliyoanza mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria, ilitumia zana za ukoo huo huo.

Sifa yake kubwa ni kwamba fomu hujazwa bila mtandao. Karani anaweza kushinda kutwa nzima kijijini ambako simu haishiki hata kidogo, akarudi mjini jioni na kutuma kazi yote kwa mara moja. Sifa hiyo haikutokea kwa bahati. Waliopanga kazi za mwanzo walikuwa wamewaona watumiaji wao kwa macho, na walijua kuwa kungoja mtandao vijijini ni kungoja embe chini ya mwarobaini.

Hata hivyo, kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa na pengo ambalo mtu yeyote aliyefanya kazi na wakulima angelitaja kabla ya kumaliza kikombe cha chai. Ilijua kuuliza, ila haikujua kukumbuka. Karani akimwandika mkulima wakati wa kupanda, kisha akarudi kwake wakati wa kuvuna, kwa programu hiyo alikuwa mtu mpya kabisa.

Kwa Kahama jambo hilo si dogo. Tuseme mwezi Desemba mkulima ameandikwa Masanja Shija, na mwezi Juni karani mwingine akamwandika Shija Masanja. Kwenye orodha wamekuwa wakulima wawili: mmoja alikopeshwa mbegu na hakuvuna, mwingine alivuna bila kukopeshwa. Ofisi ikijumlisha, deni la wa kwanza linabaki, na wa pili anaonekana hana historia ya kumpa mkopo. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Ni fomu mbili tu zilizoshindwa kufahamiana.

Upenyo ulikuwepo. Mtaalamu aliweza kuandaa orodha ya wakulima kwenye jedwali na kuipakia kwenye simu kabla ya safari, ili karani achague jina badala ya kuliandika upya. Lakini orodha hiyo ilitakiwa kuandaliwa na kupakiwa kwa mkono kila ilipobadilika, na miradi midogo isiyo na mtaalamu wa kudumu ilishindwa. Ni katika miaka hii ya karibuni ndipo watengenezaji walipoipa kazi hiyo nafasi ya mbele. Mkulima anayeandikwa kwenye fomu ya kwanza sasa huweza kuonekana kwenye fomu ya pili, na mwaka 2024 uwezo huo ukafikishwa hadi kwenye simu isiyo na mtandao.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Jibu lake ni la kiuchumi kuliko la kiteknolojia. Watengenezaji wa programu kama hii ni wachache, na wiki ya kazi ya mmoja wao haigawanyiki mara mbili. Hali yao ni kama ya kaya yenye jozi moja ya maksai na mashamba matatu, mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha. Shamba litakalolimwa kwanza si lazima liwe zuri kuliko yote. Ni lile ambalo likichelewa hasara yake ni kubwa, au lile ambalo mwenye maksai analiona kila asubuhi akifungua mlango.

Anayepanga kazi hizo kwa makini hupima mambo manne. Hutazama ni watu wangapi wataguswa, na hasara wanayoipata sasa ni kubwa kiasi gani. Hutazama kazi yenyewe itachukua muda gani. La nne ndilo husahauliwa na waombaji wengi: kitu hicho kikishawekwa, kukitunza kila mwaka kutagharimu nini. Kila kipengele kipya ni kama ng'ombe aliyeongezwa zizini. Siku ya kumnunua ni moja, lakini siku za kumlisha hazihesabiki. Ndiyo maana watengenezaji wenye uzoefu husema hapana mara nyingi kuliko ndiyo, na wanaowalaumu kwa hilo huenda hawajawahi kuwa na zizi.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu. Mfumo wa DHIS2, ambao nao ni programu huria, huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na hutumika kukusanya takwimu za zahanati na hospitali katika nchi zaidi ya 70, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2011 Kenya iliamua kuutumia nchi nzima kwa kompyuta moja kuu badala ya kila wilaya kuwa na yake. Watu wa wilayani waliingia kwa modemu za mtandao wa simu, na mtandao ulikatika mara kwa mara. Mtu aliyejaza takwimu za mwezi mzima angeweza kuzipoteza kwa dakika moja.

Shida hiyo haikubaki malalamiko ya ofisini. Ilifika kwa waandishi wa programu ikiwa imeelezwa vizuri, na ikatoka kwa watu ambao nchi yao ilikuwa imeamua kuutumia mfumo huo kwa dhati. Matokeo yake mfumo ukapewa uwezo wa kuhifadhi ndani ya kompyuta kilichojazwa hadi mtandao utakaporudi. Kazi iliyofanywa kwa sababu ya Kenya ilifaidisha nchi nyingine zilizofuata, bila nchi hizo kulipa chochote. Hapo ndipo uzuri wa programu huria ulipo. Aliyejitokeza na shida yake aliwalimia na majirani.

Aidha, zipo nyakati ambapo watumiaji wenyewe hutangulia. Mwezi Januari 2020, wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza ndani ya DHIS2 fomu za kufuatilia wasafiri kutokana na ugonjwa wa korona, kabla nchi nyingine nyingi hazijazinduka. Kazi yao ikachukuliwa, ikaboreshwa na kugawiwa kwa nchi nyingine.

Ukizitazama habari hizi kwa jicho la mkulima, utagundua kitu. Karibu zote ni za afya. Fedha za kuendeleza DHIS2 zimetoka kwa kiasi kikubwa kwa wafadhili wa afya na Serikali ya Norway, na ni kawaida kwamba anayegharimia huanza na mahitaji yake. Mkono mtupu haulambwi. Hakuna aliyekaa Oslo au Seattle akaazimia kuwanyima wakulima wa mpunga. Isipokuwa mpunga hauna mtu wake kwenye kikao, na asiyekuwepo na lake halipo.

Je, Kahama ikipata nafasi ya kusema, iseme nini? Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu mambo mengi yanayolalamikiwa hayahitaji kabisa mtengenezaji aliye ng'ambo.

Mfano ni vipimo. Mkulima hutaja debe, mnunuzi hutaja kilo, na gunia linakuja katikati likiwa limeshonewa kilemba juu. Wapo wanaodhani ni lazima programu ibadilishwe ili ijue debe. Si kweli. Fomu za ODK huandikwa kwenye jedwali la kawaida, kama la Excel, na yeyote aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kuongeza mstari unaozidisha madebe kwa uzito wa debe moja. Anaweza pia kuongeza sharti linalokataa gunia linalozidi kilo 100, ambacho ndicho kikomo cha Sheria ya Vipimo katika ufungashaji wa mazao ya shambani. Karani akiandika lumbesa ya kilo 130, simu inagoma na kumwambia sababu kwa Kiswahili.

Kwenye hesabu hiyo ya debe kuna mtego, nao si wa kompyuta. Debe ni kipimo cha ujazo, lita 20, na uzito wa mpunga unaojaa humo hubadilika kwa aina ya mbegu, kwa unyevu na kwa jinsi ulivyopepetwa. Tuseme fomu imewekewa kilo 12 kwa debe wakati mpunga wa kijiji hicho una kilo 11. Mkulima wa madebe 300 ataonekana kuwa na kilo 3,600 badala ya 3,300. Chama kikiahidi mzigo kwa mnunuzi kwa hesabu hiyo, upungufu utaonekana siku lori limefika, na atakayeshukiwa ni mkulima au mlinzi wa ghala. Dawa yake ni kupima madebe kadhaa kila kijiji mwanzoni mwa msimu na kubadilisha namba kwenye fomu. Hakuna mtu wa Seattle anayeweza kufanya kazi hiyo.

Vivyo hivyo kuhusu lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.  Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu milango ilikuwa wazi. Lakini tafsiri nayo ni ya kupalilia. Toleo jipya likitoka lina maneno mapya, na asipokuwepo wa kuyatafsiri, skrini inageuka nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. Anayeomba programu iongezwe Kiswahili ajiulize kwanza nani ataendelea kuitafsiri mwaka wa tatu.

Baada ya kuyatoa hayo, yanabaki machache ambayo kweli ni ya watengenezaji, na machache hayo ndiyo yenye thamani kuyapeleka. Mojawapo ni simu zenyewe. Matoleo mapya ya programu huja na mahitaji mapya, na baada ya muda simu za zamani huachwa nyuma. Kwa mtengenezaji hilo lina sababu, kwani kuhudumia simu za kila umri ni kula muda wa kazi nyingine. Kwa chama cha msingi ambacho makarani wake hutumia simu zao wenyewe, nyingine zikiwa zimenunuliwa mtumba, maana yake ni kununua simu mpya au kubaki na toleo lisilorekebishwa tena. DHIS2 kwa upande wake, tangu mwaka 2023, imekuwa ikitoa toleo kubwa moja kwa mwaka, na yanayohudumiwa ni matatu ya karibuni. Anayepanga bajeti ya chama au ya halmashauri anapaswa kuijua ratiba kama hiyo kama anavyoijua kalenda ya mvua.

Jingine ni upimaji wa shamba. Simu ya karani inaweza kuchora mipaka ya shamba kwa GPS mtu anapozunguka kwa miguu, na hesabu ya eneo ikatoka. Kwa shamba la pamba la ekari kumi, makosa ya mita chache si kitu. Kwa jaruba dogo lililozungukwa na matuta, hatua tano za makosa zinaweza kula sehemu kubwa ya eneo lenyewe, na mkulima anayekodi jaruba kwa msimu analipia eneo hilo. Onyo la kumwambia karani kwamba shamba hili ni dogo mno kwa usahihi wa simu hii ni ombi ambalo lingewafaa pia wakulima wa mpunga wa Mbarali na wa Mwea nchini Kenya. Ombi linalofaa wengi ndilo huwa na nafasi ya kusikilizwa. Ombi la kutaka rangi ya chama iwekwe kwenye skrini halitafika mbali, na wala halistahili.

Namna ya kuomba nayo ina uzito wake. Waandaaji wa programu hizi hupokea maombi hadharani, na mpango wa kazi zijazo huwekwa wazi ili kila mtu auone. Lakini ombi la mstari mmoja lisemalo programu haifai huishia hapo hapo. Linalosikilizwa hueleza kazi: nani alikuwa anafanya nini, kijiji kikiwa na mtandao au hakina, kwa simu ya aina gani, kwa toleo lipi, nini kilitarajiwa na nini kilitokea. Husema pia watu wanafanya nini kwa sasa kuikwepa shida hiyo, na inawapotezea muda au fedha kiasi gani. Karani aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuandika ukurasa huo kwa Kiswahili kizuri, na kijana wa chuo akauweka kwa Kiingereza kwa nusu saa. Pakiwapo makarani watano walio tayari kujaribu toleo la majaribio kabla halijatolewa kwa wote, uzito unaongezeka, maana wajaribio walio shambani kweli ni adimu kuliko fedha.

Tatizo la Kahama ni kwamba kazi hii si ya mtu. Wilaya ina halmashauri tatu, yaani Manispaa, Msalala na Ushetu, na ina chama kikuu cha ushirika, KACU, kilichojengwa zaidi juu ya tumbaku. Wanunuzi wa mpunga kila mmoja ana daftari lake. Ofisa ugani hujaza fomu za mradi ulioletwa, na mradi ukiisha fomu inaisha nao, pamoja na yote aliyoyagundua kuhusu ubovu wake. Mfanyabiashara wa mchele akiona simu inasumbua anarudi kwenye daftari, na ni vigumu kumlaumu, kwa kuwa daftari halimdai bando.

Vyama vya msingi vingeweza kuanza na kitu kidogo kisichohitaji mfadhili: karani mmoja awe na daftari la matatizo ya simu, aandike tarehe, kijiji, aina ya simu na kilichotokea, kila siku ya kupima. Mwisho wa msimu wakae na makarani wa vyama jirani, wafute yale yanayoweza kurekebishwa kwenye fomu yenyewe, na yatakayobaki wayapange kwa hasara iliyopatikana, si kwa nani alilalamika kwa sauti kubwa. Kazi hiyo ifanyike mpunga ukishauzwa na kabla ya kusia vitalu, kwa sababu maji yakishajaa kwenye majaruba hakuna atakayekuwa na muda wa kikao.